Nyumba Niliyoipata Msibani

Nilitafuta nyumba Mwanza kwa kwenda kwenye misiba ya watu nisiowajua. Nalisema hili mwanzoni ili anayesoma asije akadhani nilikuwa mtu mwema aliyeteleza kidogo. Nilijua ninachofanya.

Mume wangu alikuwa fundi mwashi, na figo zake zilikuwa zimekwisha. Tulikaa Misungwi, kwenye kiwanja cha ukoo wake, na mara mbili kwa wiki nilimpeleka mjini kusafishwa damu. Jioni alirudi ameniegemea begani, hawezi hata kujibu salamu za watu, na kabla hajapata nguvu siku ya kwenda tena ilikuwa imefika. Daktari alituambia tuhamie karibu. Nilimuuliza tuhamie kwa muda gani. Alisema, "Hamieni tu, mama."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia daktari wala mume wangu. Mimi ni Mjita wa Mara. Mume wangu alikuwa Msukuma. Ng'ombe walitolewa kwa baba yangu, wote, mbele ya watu, na kwa ukoo wake maana ya ng'ombe wale ilikuwa kwamba binti yetu, aliyekuwa na miaka saba, ni wao. Shemeji yangu mkubwa aliwahi kuniambia tukiwa kisimani, bila hasira yoyote, kama mtu anayemkumbusha mwenzake siku ya mnada.

"Shemeji, wewe ni mgeni wetu. Mgeni akiondoka hufungiwa chakula cha njiani. Hafungiwi mtoto."

Nilijua kwamba siku mume wangu akifa, baada ya mazishi kutakuwa na kikao, na kwenye kikao kile mwanamke aliyefika peke yake hasikilizwi. Husikilizwa aliyefika na watu. Wazazi wangu wote wamekufa. Kaka yangu yuko machimboni, na namba yake ya simu haipatikani kwa miaka. Kwa hiyo sikuwa natafuta nyumba peke yake. Nilikuwa natafuta watu watakaopanda gari pamoja nami kwenda Misungwi siku hiyo, wakae nyuma yangu, nisinyang'anywe mtoto.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Namna ya kuchagua mtaa wa mjini sikuwahi kufundishwa. Lakini kwetu tulijua kwamba harusini kila mtu huja, maana kuna chakula na ngoma. Ukitaka kuwajua watu, nenda wanakofiwa. Na msibani hakuna anayekuuliza kadi. Unavua viatu, unakaa.

Damu ilichukua saa nne kusafishwa. Saa hizo nne zilikuwa zangu. Nilimpata dalali mmoja, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua, ambaye baada ya wiki tatu alianza kunichoka.

"Mama, vyumba sita umevikataa. Unatafuta chumba au mchumba?"

"Natafuta mtaa."

"Mtaa haupangishwi. Mimi napangisha chumba. Hiki kina maji, umeme wa peke yako, choo ndani. Kasoro yake nini?"

"Nataka mtaa wa mchanganyiko. Wenye watoto wengi. Watu wanaozikana."

Alisukuma kofia yake nyuma. "Hilo la mwisho sijawahi kuombwa," alisema. "Wenzako huuliza kama geti linafungwa."

Nilipomwambia kwamba akisikia penye msiba anipigie, alicheka, lakini alipiga. Alianza kuniita Mama Turubai.

Msiba wa kwanza ulikuwa Igogo, karibu na ziwa, mzee amefariki. Walikuwa watu wa kwetu wengi, Wajita na Wakerewe. Nilikaribishwa kwa lugha yangu, nikala samaki waliopikwa kama alivyopika mama, na moyo wangu ukatulia kabisa. Kabla chai haijapoa mama mmoja alikuwa ameshajua ukoo wangu na kijiji changu.

"Umeolewa wapi?"

"Usukumani."

"Ohoo," alisema, akamgeukia jirani yake. Hakusema neno baya. Lakini niliona kwamba hapo mume wangu ndiye atakayekuwa mgeni, na mwaka wake wa mwisho sikutaka aumalize akiwa mgeni wa mtu. Nilitaka mahali ambapo sote wawili tungekuwa wa kuja, na majirani nao wawe wa kuja, ili neno hilo lisiwe na kazi.

Msiba wa pili ulikuwa kwenye mtaa mpya wenye kuta ndefu. Viti vilivalishwa vitambaa vyeupe, chakula kililetwa na gari kikiwa kimepikwa, na wasichana waliovaa sare walitugawia. Niliuliza nikaoshe vyombo. Msichana mmoja aliniambia kwa adabu nzuri, "Hapana mama, tumekodiwa." Watu walikaa kidogo, wakatazama simu zao, wakaondoka. Nilikula wali wao nikaondoka pia.

Wa tatu ulikuwa Kiseke, upande wa juu ambako nyumba zimejengwa katikati ya mawe. Aliyefariki alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, ameugua siku nne tu. Nilifika asubuhi. Watoto walikuwa wametolewa kwenye nyumba tatu wakakusanywa kwenye uwanja wa jirani Mwislamu, wanakunywa uji wake. Kwaya ya Wakatoliki ilikuwa inaimba, na kina mama Wasabato walikuwa wamekaa kwenye kivuli wanasubiri wamalize, nao waimbe. Nyuma ya nyumba palikuwa na milima miwili ya ndizi na wanawake wanazimenya.

"Wewe Mhaya," mmoja alikuwa anasema, "hizo ndizi unazimenya au unazibembeleza?"

"Nyamaza wewe. Ninyi Wasukuma mkiachiwa jiko tutakula michembe, viazi vyenu vikavu, mpaka arobaini."

"Michembe ndiyo iliyomkuza mumeo."

"Ndiyo maana kichwa chake kigumu hivyo."

Walicheka, kisha wakakumbuka ni nani aliyekufa, wakajifuta macho kwa mikono yenye utomvu, wakaendelea. Yule Mhaya alinisogezea kisu. "Dada, hapa hakai mtu mikono mitupu." Nilimenya ndizi mpaka vidole vikawa vyeusi. Nikawaza, hapa ndipo.

Ningeondoka wakati ule, mambo yangekuwa mengine. Lakini ni desturi kuingia ndani kumpa pole mfiwa, na kila aliyekuja aliingia. Mama wa marehemu alikuwa amekaa kwenye godoro, kanga kichwani, mama mtu mzima mwembamba, Msukuma wa kule Magu. Picha ya binti yake ilikuwa imeegemezwa karibu na mlango. Nilipiga magoti nikasema shikamoo. Aliushika mkono wangu, akaona utomvu.

"Marahaba. Na wewe mwanangu, mlijuana wapi na binti yangu?"

Nilikuwa nimewasikia wanawake wakisema marehemu aliuza nyanya sokoni. Jibu la kweli lilikuwa kwamba napita tu. Chumba kilikuwa kimejaa watu waliomjua, na mkono wake ulikuwa bado umeushika wangu.

"Sokoni, mama," nikasema. "Tulikuwa tunauza pamoja."

"Basi kaa hapa karibu."

Nilikaa mpaka wakambeba kwenda makaburini. Mimi nilikimbia hospitali, mume wangu alikuwa ameshatolewa kwenye mashine, amekaa kwenye benchi peke yake. Alinusa utomvu mikononi mwangu akauliza nimetoka wapi. Nilimwambia nimepata mtaa.

Dalali alitutafutia vyumba viwili. Sikujua, nakuapia, kwamba vitakuwa hatua arobaini kutoka mlango wa yule mama. Tuliposhusha godoro kwenye mkokoteni alitoka nje, akatutazama, akaja akamshika binti yangu kichwani. "Kumbe mmekuja kukaa karibu na mimi," alisema. Aliamini kwamba nimekuja kwa ajili yake. Sikumsahihisha.

Ulikuwa mtaa niliouota. Binti yangu alijifunza kusema asante kwa lugha nne. Alikula popote wakati wa kula ulipomkuta. Mume wangu aliwekewa kiti chini ya ukuta wa jirani, wanaume wakawa wanampitia, wanamuuliza kuhusu msingi, tofali, mwinuko, mambo ambayo mengine waliyajua wenyewe. Alikuwa anawajibu kwa kirefu. Nilimsikia siku moja akimwambia mmoja kwamba amechanganya mchanga vibaya na anapaswa kuona haya, na yule mwanamume, mwenye nyumba yake ya vyumba vitano, akasema, "Naona haya, fundi."

Na kila alasiri yule mama alikuja kukaa kwenye ngazi yangu.

"Niambie. Sokoni alikuwa anacheka?"

"Alicheka, mama."

"Na wateja wakimpunja?"

"Hakupenda ugomvi."

Nilianza na maneno madogo ambayo yangeweza kuwa ya mtu yeyote. Lakini alirudi kesho, na kesho, na maneno madogo yakaisha. Nikabuni kwamba alificha nyanya nzuri kwa ajili ya bibi mmoja kipofu. Nikabuni kwamba aliimba wakati wa kufungasha. Yule mama alikuwa amekonda mno baada ya mazishi. Majirani walisema alikuwa anasukuma sahani. Kwangu alianza kula. Nilikuwa namwekea ugali na sato, anakula huku nikimdanganya.

Yule jirani Mhaya alitukuta siku moja. Alisikiliza, kisha mama alipoondoka akaniambia, "Mimi nilikuwa nampelekea marehemu chakula sokoni karibu kila siku." Nilikusanya vyombo. Yeye akaokota ndoo yake. Mlangoni akasema, "Leo amemaliza sahani."

Halafu ilikuja alasiri moja, mvua imenyesha, mume wangu amelala ndani. Yule mama hakuuliza habari za sokoni siku hiyo. Akasema kwamba wiki ile binti yake alipougua walikuwa hawasemeshani. Walikuwa wamegombana juu ya mwanamume, yeye akamwambia binti yake maneno ambayo mzazi hatakiwi kuyasema. Siku nne zile binti alikuwa hajitambui. Hawakupatana.

"Mlikuwa marafiki," alisema. "Lazima alikwambia. Alikufa ananikasirikia?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema sijui. Sijui ni neno la kweli, na lingetosha.

"Alisema ameshakusamehe, mama. Alisema anatafuta siku ya kukuambia."

Hakulia. Alipumua kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni, akakaa hivyo mpaka giza likaingia.

Mume wangu alifariki mwezi wa nane tangu tuhamie, asubuhi, nikimnywesha maji. Sitaandika mengi juu yake hapa. Kabla sijamaliza kumfunga kidevu wanawake walikuwa wameshaingia. Sikubeba maji, sikuwasha moto, sikumpigia simu mtu hata mmoja. Turubai lilifungwa kwenye mawe mbele ya nyumba yangu, na watoto wakapelekwa kwenye uwanja ule ule wa uji.

Kwenda Misungwi walijaza basi dogo, wengine wakasimama. Tuliposhuka shemeji alituhesabu kwa macho. "Shemeji," alisema, "mjini umeoa jeshi?" Yule Mhaya akamjibu, "Jeshi limechoka, shemeji. Lina njaa. Lionyeshe jiko." Wakaingia jikoni kwa wakwe zangu kama kwao, wakawapokea masufuria, na nikaona wifi zangu wakiwasogezea vigoda.

Tulizika. Kesho yake kikao kikakaa. Shemeji alisema kile nilichojua atasema. Alikisema vizuri, hakunitukana. Mtoto ni wa ng'ombe, mtoto abaki, mama yake ni kijana, Mungu atamjalia wengine.

Nikaomba kusema. Sauti haikutoka. Ndipo yule mama alipoinuka nyuma yangu, akaomba ruhusa, akasema kwa Kisukuma ili kusiwe na mtu wa kudai hakuelewa.

"Mimi ni mzaliwa wa Magu," alisema. "Ng'ombe nawajua. Mnamwita huyu wa kuja. Kule tunakokaa sote ni wa kuja, na mtoto huyu hajalala njaa hata siku moja. Mnasema hana mtu. Mimi nimezika binti yangu mwaka huu. Huyu alikuwa naye sokoni mpaka siku zake za mwisho. Huyu ndiye aliyeniletea neno la mwanangu. Angeweza kulinyamazia, mimi ningekufa sijalisikia. Mtu wa namna hiyo mnaogopa nini kumwachia mtoto? Mtoto ana bibi kule. Bibi ni mimi."

Wazee waliinamisha vichwa. Mzee mmoja akamwita mayu, mama, akamshukuru. Shemeji akasema basi, mtoto akae na mama yake, likizo aje kwao awajue watu wake. Binti yangu alikuwa amelala mapajani kwa yule mama. Sikumwamsha. Niliogopa kumgusa.

Hivyo ndivyo nilivyobaki na mtoto wangu.

Miezi mitatu baadaye ulikaribia mwaka wa kifo cha yule binti. Yule mama alikuja asubuhi, jambo ambalo hakulizoea, amevaa gauni la kanisani. Alikuwa ametoka kuongea na padri. Siku ya misa ya kumbukumbu, baada ya watu kula, alitaka nisimame mbele ya mtaa mzima niwaambie lile neno la msamaha kwa kinywa changu.

"Nimelisema mimi mara nyingi," alisema. "Nataka walisikie kwako."

Nilimwambia nitafikiri. Alishangaa kidogo kwamba hilo linafikiriwa. Nilikaa na jambo lile siku mbili. Ningeweza kuugua siku hiyo. Ningeweza kusema sijui kuongea mbele za watu, na isingekuwa uongo sana. Lakini nilijua angeniomba tena mwaka unaofuata, na mwingine, na kwamba nimekwisha kumtumia mtoto wake aliyekufa kumpata wangu aliye hai. Sikuweza kwenda kusimama pale na kupokea shukrani.

Nilikwenda kwake. Alikuwa anachambua mchele. Nilipiga magoti kama siku ile ya kwanza, nikasema yote, tangu dalali.

Aliendelea kuchambua kwa muda. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Hukuwahi kumwona?"

"Kwenye picha, mama. Siku ile, mlangoni."

"Na yule bibi kipofu?"

"Hakuna bibi kipofu."

"Na lile neno?"

"Na lile pia."

Vidole vyake vilisimama. Aliweka ungo chini, taratibu, mchele usimwagike, akajaribu kuinuka, akashindwa. Nilinyoosha mkono. Hakuushika. Alisema, "Nenda nyumbani, mama wa watu." Alikuwa hajawahi kuniita hivyo.

Jioni yule Mhaya alikuja. Hakuambiwa kitu, alimkuta mama amelala mchana, mchele umeachwa kuku wanaula, akajumlisha mwenyewe. Alisimama mlangoni kwangu.

"Umemwambia."

"Nimemwambia."

"Kwa nini?"

"Nilichoka kusema uongo."

"Ulichoka," alisema. "Kwa hiyo umejitua, ukamtwika yeye. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza, kwa sababu alikuwa anakula. Wewe uongo ulikuwa wako, ilikupasa uubebe mpaka mwisho."

Wapo watakaosema kweli ni kweli. Wao hawakuiona ile sahani ikianza kusukumwa tena.

Misa ilifanyika. Hakuna aliyesimama kusema chochote. Yule mama hakumwambia mtu. Nilisubiri mtaa unigeuke, nikahesabu ni nani atanipita bila salamu, na hakuna aliyenipita. Bado naitwa kwenye misiba, bado napewa kisu. Binti yangu bado anakwenda kwake baada ya shule, na yule mama anampokea, anamsuka nywele, anamrudisha amekula. Mimi nikimsalimu shikamoo, anaitikia marahaba. Hakai tena kwenye ngazi yangu.

Likizo ilipofika shemeji alikuja kumchukua mtoto. Alipita kwanza kwa yule mama, kama inavyompasa, maana kwao anahesabiwa bibi. Nilisimama nje, nimeshika begi la mtoto. Shemeji aliinama akamsalimu.

"Mayu, mjukuu anaendeleaje? Mama yake anamlea vizuri?"

Lilihitajika neno moja tu. Shemeji alikuwa amekuja na mdogo wake, nguo zote za mtoto zilikuwa kwenye begi lile, na gari lilikuwa linasubiri chini barabarani.

Yule mama alitazama mbali, huko ziwa linakoonekana kidogo katikati ya mapaa.

"Anamlea vizuri," alisema. "Mrudishe kabla shule hazijafunguliwa."

Akageuka akaingia ndani. Nilikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama, na hakunitazama.